Mitamba Waliopigwa Chapa Yetu: Tukimuaga Bwana Mifugo Leonce Amnaay

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Leonce Amnaay, ambaye Karatu nzima inamwita Bwana Mifugo, anastaafu rasmi baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika Shirika letu la Ufito. Siku hiyo atakabidhi funguo za stoo ya dawa, buti za mpira ambazo hakuna mwenye miguu ya kuzirithi, na kiti chenye mto alioushona mke wake. Kamati ya maandalizi iliniteua mimi, Selestina, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii ya sherehe, kwa kuwa meza zetu zimetazamana kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za hapa ofisini.

Niliandika. Nilimpamba mpaka akapambika. Akausoma wote pale mezani, akavua miwani, akanirudishia na kuniambia kwamba nimemwandika kama bwana harusi. Kisha akasema kuwa kama habari ya mitamba wa Soitsambu haimo, sherehe tuifanye wenyewe, yeye atakuwa shambani kwake Rhotia anapalilia maharage. Kwa hiyo, mgeni mwalikwa, ukikuta humu mambo ambayo kwa kawaida hayaandikwi kwenye karatasi ya sherehe, ujue yameandikwa kwa amri ya mwenye sherehe. Sisi wengine tungependa kuyaruka, maana yanatutia aibu hadi leo.

Bwana Leonce alizaliwa Rhotia, akasoma huko huko, kisha akachukua stashahada ya mifugo na kuzunguka na sindano vijijini kwa miaka kadhaa kabla ya kujiunga nasi mwaka 1999. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Karatu ilikuwa inapitwa na kila mtu: magari ya watalii, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, vijana waliorudi kutoka mjini wakiwa wamekonda. Ilikuwa msiba baada ya msiba, na kila ulipokaa matangani ulisikia kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua, au alirogwa, au alichoka tu. Neno Ukimwi lilikuwa la kwenye mabango, halikuwa la nyumbani kwa mtu. Waliobaki walikuwa watoto, pamoja na bibi zao waliodhani wameshamaliza kulea.

Shirika lilianzishwa kwa ajili ya yatima hao wa Ukimwi, likaanza na uji, sare za shule na madaftari. Leonce aliajiriwa kwa ajili ya mbuzi wa maziwa, lakini alikuwa haendi kutibu mbuzi bila kurudi na mtoto kwenye kiti cha mbele cha gari, anampeleka kliniki. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipofika, ni yeye aliyewafundisha bibi zetu wasio na saa kuwapa wajukuu dawa kila mbuzi anapokamuliwa, asubuhi na jioni. Daktari mmoja aliyekuja kutukagua alishangaa kuona watoto wa bibi wale wanameza dawa kwa wakati kuliko wa mjini. Kati ya kazi zote tulizofanya, hiyo ndiyo ninayoweza kuisimulia nikiwa nimeinua kichwa.

Wanaomfahamu wanajua pia udhaifu wake. Mtu huyu anayemwangusha fahali kwa kamba moja anawaogopa bata bukini wa parokiani, na akienda misa hupita mlango wa nyuma. Kwenye kwaya anaimba besi ambayo mwalimu ameshakata tamaa kuielekeza. Kuna mwaka gari letu lilikwama kwenye udongo mweusi wa Endabash, mkulima mmoja akaleta maksai watuvute. Leonce aliwakataza mpaka kwanza amtibu mmoja wao kwato iliyokuwa imeoza. Tulimsubiri kwenye mvua tukimlaani kwa sauti ya chini, na tulifika Karatu tukiwa na matope mpaka masikioni.

Sasa nafika kule alikoniamuru nifike.

Mwaka 2009 tulipanua kazi hadi wilaya jirani ya Ngorongoro, upande wa Sale na Soitsambu, kwa wafugaji wa Kimaasai. Huko uji na sare havikuwatosha watoto, kwa sababu mtoto asiye na ng'ombe ni maskini hata akiwa ameshiba. Wafadhili wakakubali kutoa mtamba mmoja kwa kila yatima. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba huku Karatu tulikuwa tumeshaumwa. Mbuzi kadhaa wa yatima walikuwa wameuzwa na wajomba na kuishia kwenye pombe, na sisi tulirudi tukakuta kamba tupu. Basi tukakaa kikao kujadili namna ya kuwalinda mitamba dhidi ya ndugu, na jibu likapatikana kabla chai haijaletwa. Tuwapige chapa ya shirika, ndugu akimpeleka mnadani kila mtu ajue ni ng'ombe wa yatima.

Aliyetoa wazo simtaji, kwa sababu wote tulimpigia makofi. Leonce mwenyewe ndiye aliyechora chapa, herufi U ndani ya duara, kama ilivyo kwenye mlango wa gari letu. Fundi wa nyuma ya stendi akakifua chuma. Mkurugenzi wa wakati ule alifurahi kupita kiasi kwa kuwa picha zingetoka vizuri. Katika chumba kile hakukuwa na mtu hata mmoja wa Soitsambu. Wengi wetu tulikuwa Wairaki wa milimani, Wambulu kama majirani wanavyotuita, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, tulijiona tunajua ng'ombe. Hakuna aliyeuliza alama kwenye mwili wa ng'ombe inamaanisha nini kwa Mmaasai.

Mmoja wa watoto waliopewa mtamba alikuwa Namelok, msichana wa darasa la tatu. Baba yake alikuwa mlinzi Arusha, alirudi nyumbani mgonjwa na kufariki, na mama yake hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Namelok alichukuliwa na baba yake mdogo, Mepukori, mtu mrefu mwenye maneno machache. Tulipomtembelea mara ya kwanza tulimkuta analala na watoto wa Mepukori, anakunywa maziwa ya kibuyu kile kile, anachapwa na kubembelezwa kama wenzake. Tulipaswa kuona kwamba jambo kubwa kuliko yote mtoto yule alikuwa ameshalipata. Badala yake tuliandika kwamba ni mtoto mwenye uhitaji.

Siku ya kukabidhi tulikwenda na turubai, spika na wageni kutoka nje. Watoto walisimamishwa mstari mmoja, kila mmoja kando ya mtamba wake. Moto ukawashwa, chuma kikawekwa, na kila mtamba alipolia wageni walipiga picha, halafu mkurugenzi akaomba makofi. Leonce ndiye aliyeshika chuma. Wazee wa Soitsambu walikaa na fimbo zao bila kusema neno mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliuchukulia ukimya ule kuwa ni heshima, na tuliuandika hivyo kwenye taarifa ya mwaka.

Baada ya msimu mmoja wa mvua, simu ililia ofisini. Alikuwa Mepukori, na alisema kwa upole kwamba mtoto wenu anaumwa. Tuliona ajabu namna alivyosema, lakini hatukuifikiria zaidi. Gari lilikuwa limepelekwa kuwachukua wageni kwenye loji ya watalii, likarudi kesho yake, na Leonce akaondoka nalo bila hata kunywa chai. Alimkuta Namelok amelala kwenye ngozi, homa imempanda, anapumua kwa shida. Mke wa Mepukori alikuwa anamkanda kwa maji, macho yamemvimba kwa kulia. Nje ilikuwa imeegeshwa pikipiki ya Mepukori, na zahanati haikuwa mbali.

Kwanza Leonce alimkimbiza mtoto hospitalini. Ilikuwa nimonia, na daktari alimwambia wazi kwamba angechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mtoto alipopata nafuu Leonce alirudi Soitsambu na hasira zake zote. Alimkuta Mepukori kisimani, ng'ombe wakinyweshwa, akamfokea mbele ya watu. Alimuuliza ni baba wa namna gani anayekaa na pikipiki huku mtoto wa marehemu kaka yake anakata roho ndani.

Mepukori alimwacha amalize. Kisha akamjibu kwa Kiswahili chake, na maneno yale Leonce amenisimulia mara nyingi hata nimeyashika.

"Bwana Mifugo, kwetu ng'ombe ikiwa na alama ya mtu, ni ya huyo mtu. Nyinyi mlimsimamisha mtoto na ng'ombe pamoja, mkaweka alama yenu, mkapiga makofi. Mimi nikaelewa. Mmechukua."

Akamwonyesha kisima kwa fimbo. Pale ng'ombe hunyweshwa kwa zamu, na zamu hufuata ukoo na boma, kwa alama zao. Mtamba mwenye herufi U hakuwa na ukoo, kwa hiyo hakuwa na zamu. Namelok alipokuwa mzima alikaa naye pembeni mpaka mifugo yote ya watu iondoke, ndipo akamnywesha maji ya tope yaliyobaki. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemchukia. Walimwacha tu, kama unavyoacha mzigo wa mtu stendi kwa kuwa mwenyewe atakuja kuuchukua. Mzee Ngoitiko, ambaye ndiye anayesimamia kisima kile, aliongeza jambo la pili. Alisema vifo vya wale wazazi kila mtu alikuwa anavijua na kila mtu alikuwa amevifunika kwa ajili ya watoto, lakini sasa mgeni wa mbali akiona tu ng'ombe mwenye alama ile anajua baba wa mtoto alikufa kwa nini.

Naomba msomaji akumbuke kwamba sisi ndio tuliokuwa tunaendesha semina za usiri. Tulikuwa na vipeperushi kuhusu usiri, vya rangi. Kumbe siri za watoto tulikuwa tumeziandika kwa moto kwenye mapaja ya ng'ombe na kuziachia zitembee nyikani.

Leonce alirudi ofisini akiwa mtu mwingine. Aliomba kikao, akasimama, akaeleza yote, akasema yeye ndiye aliyeshika chuma na anataka kwenda kuziondoa chapa zile. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema wafadhili wameshazizoea, zimo kwenye kalenda, na kwamba mila mbaya hazipaswi kukwamisha ulinzi wa mtoto. Leonce alitutazama mmoja mmoja. Tuliinamisha vichwa kwenye vikombe. Watu tuliosoma, wenye watoto wetu nyumbani, tulikoroga chai iliyokwisha korogwa.

Akaomba likizo. Hakusema anakwenda wapi, nasi hatukuuliza kwa sababu tulijua. Alinunua kondoo jike mnadani, akabeba na dumu la asali, akaenda mpaka Soitsambu na kuomba kuketi na wazee wa ukoo wa Mepukori. Alikiri kosa bila kuzunguka. Ngoitiko alimwambia kwamba Mmbulu kuweka alama yake kwa ng'ombe ya Mmaasai, enzi za babu zao isingekuwa kesi ya kuzungumzwa mmekaa. Wazee wakacheka. Leonce anasema yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa anatafuta pa kuficha uso na pale uwanjani hapakuwa na hata kichaka.

Wazee walimpokelea kondoo wake na asali yake, wakasema lililobaki ni la mwenye mtoto. Mepukori akawa anachorachora vumbi kwa fimbo yake. Hapo ndipo Leonce alipoogopa kweli, maana aliona kwamba mtu yule akiinuka na kwenda zake, Namelok atabaki mtoto wa ofisi mpaka uzeeni. Mwishowe Mepukori aliingia bomani, akatoka na chuma cha ukoo wao. Leonce alimwangusha mtamba na kumlalia shingoni, na Mepukori akaipiga alama ya ukoo juu ya herufi U mpaka ikapotea. Kisha Leonce, mtu mzima wa mvi, alimwomba Namelok msamaha mbele ya wote. Mtoto hakujua la kufanya na jambo kama lile. Akainamisha kichwa, kama watoto wa kule wanavyomwamkia mkubwa, na Leonce akamgusa utosini kwa mkono uliokuwa unanuka moshi.

Mitamba wengine walifuata, boma kwa boma. Aliporudi kazini alipewa barua ya onyo, akaisaini na kuendelea kuchanganya dawa ya minyoo. Baadaye mkurugenzi aliondoka, na chapa ikakoma bila mtu kusema kwamba ilikuwa kosa. Katika taarifa ya mwaka tuliliita jambo hilo maboresho ya mbinu za ufikishaji wa huduma. Nimeisoma tena juzi sentensi hiyo. Tuliipanga vizuri sana.

Tangu hapo Leonce alibadili namna ya kufanya kazi, na taratibu akatubadilisha sisi, ingawa wengine tulivutwa masikio. Hakuingia tena kwenye boma au nyumba yoyote bila kwanza kuketi na anayelea. Msaada ulipita mikononi mwa baba mdogo, shangazi au bibi, na ni wao waliompa mtoto. Alibandua nembo mlangoni mwa gari kwa kisu cha jikoni, na rangi ilibanduka pia, ndiyo maana gari letu lina kidonda ubavuni mpaka leo. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Wapo ndugu waliouza ng'ombe, na kuna mtoto mmoja wa Sale ambaye tulimpoteza kabisa, alikwenda kuchunga kwa watu na hatujui yuko wapi. Leonce humtaja mtoto huyo kila anaposifiwa, na mimi namtaja hapa kwa niaba yake.

Mwezi uliopita kamati ya sherehe ilipata wazo, kama kamati zinavyopata. Namelok sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa, anazungumza vizuri. Ikaonekana itapendeza akija kusimama mbele ya wageni, aseme alivyokuwa na alivyo sasa, amkabidhi Bwana Mifugo shuka na fimbo. Niliagizwa nimpigie simu Mepukori kwa heshima, kama mkubwa wa familia. Leonce hakuambiwa, ili afurahi kwa kushtukizwa.

Mepukori alinipokea vizuri, akaniuliza habari za watoto, za mvua na za mifugo. Nikamweleza ombi letu. Akaniuliza swali moja tu.

"Atakuja kama nani?"

Nilijibu upesi kwamba atakuja kama mmoja wa watoto waliolelewa na shirika. Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Huyo ni binti yangu. Nimemlea mimi na mama yake. Leonce ni rafiki yangu, mwambie aje, tutamchinjia. Lakini binti yangu hatasimama mbele ya watu kwa sababu wazazi wake walikufa."

Niliiweka simu mezani. Miaka yote hii, na bado tulikuwa tunatafuta mahali pa kumsimamisha. Sikuweza kulificha jambo hilo, nikalivusha meza na kumweleza Leonce yote, pamoja na upuuzi wetu. Nilitegemea atatugombeza. Aliniomba nirudie alichosema Mepukori, hasa mwanzo wake, nikarudia. Akaomba tena. Kisha akavua miwani na kugeukia dirishani, na mimi nikatoka kwenda kutafuta kazi ya kufanya nje.

Bwana Mifugo, tunakushukuru kwa mbuzi, kwa dawa zilizomezwa kwa wakati, kwa besi yako na kwa aibu uliyotufundisha kuibeba bila kuitupia wengine. Tunamshukuru pia mama wa nyumbani kwako, aliyetuazima mume kwa muda wote huu. Tunakuombea afya, mvua za kutosha Rhotia, na uzee usio na bata bukini. Wageni watakaohudhuria wataona kwamba katika ratiba hii hakuna mahali palipoandikwa shukrani kutoka kwa watoto. Hakuna hata mmoja atakayekuja. Wote wako makwao.